Programu Iliyoacha Kuzungumza

Nilitengeneza dirisha lile la kijivu kwa sababu sikujua kutengeneza la aina nyingine. Juu lilikuwa na kisanduku kikubwa cha kuandikia, chini kisanduku kidogo cha majibu, na ukingoni menyu nne tu. Nilikuwa nimemaliza chuo kule Rongo mwaka uliotangulia. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alikuwa amebuni lugha ndogo ya kompyuta ambayo amri zake zote ni za Kiswahili, ili mwanafunzi wa sekondari anayegusa kibodi kwa mara ya kwanza asipambane na Kiingereza na kompyuta kwa wakati mmoja. Ukitaka mashine iandike kitu, unaiambia andika. Ukitaka irudie, unaiambia rudia, na ukimaliza unaandika mwisho. Lugha ilikuwa yake. Dirisha, yaani ile sura ya programu ambayo mtu anaifungua kwenye kompyuta yake ili aandike na kujaribu kazi yake, lilikuwa langu.

Yeye alikaa Kisumu, mimi Suna, mjini Migori, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, mzee Mwislamu aliyehamia Migori kutoka Garissa kabla sijazaliwa, alidhani ninatengeneza simu, na mara mbili alinipandishia simu za wateja wake zilizopasuka kioo. Sikumsahihisha sana. Hata mama yangu sikuwahi kumweleza kazi ile akaielewa.

Siku moja ikaja barua pepe kutoka Homa Bay. Mwandishi alisema ni mwalimu wa kompyuta na historia katika shule ya sekondari ya kutwa, na kwamba yeye ni kipofu. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. "Nimejaribu programu nyingi za kufundishia," aliandika. "Nyingine zinazungumza nusu, nyingine hazizungumzi kabisa. Yenu inazungumza nami tangu mwanzo hadi mwisho. Asante kwa kutufikiria."

Sikuwa nimemfikiria mtu. Nilitumia visanduku vya kawaida kabisa, vile vinavyokuja na kompyuta yenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyojua. Vilizungumza kwa sababu waliovitengeneza miaka mingi kabla yangu walihakikisha vinazungumza. Nilimjibu kwamba nashukuru na kwamba tunajitahidi. Maneno hayo bado yananiwasha nikiyakumbuka.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwona. Nilimkuta kwenye maabara ya kompyuta, mwanamume wa miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, hedifoni imefunika sikio moja na kuacha jingine wazi ili awasikie wanafunzi. Skrini ya kompyuta yake ilikuwa imezimwa.

"Mwalimu, stima imepotea?" nilimuuliza.

"Stima ipo. Hiyo skrini inakula betri bure."

Alinipa hedifoni nisikilize. Sikuambulia neno. Sauti ilikimbia kama mtu anayepiga mnada wa ng'ombe. Alibonyeza kitu ikapunguza mwendo, na hapo nikagundua kwamba ilikuwa sauti ya Kizungu, nayo ilisoma Kiswahili kama mtalii anayesoma kibao cha barabarani. Rudia ilikuwa "rudaya". Amri ya kama ilikuwa "kema". Yeye alishazoea, na wanafunzi wake nao walishaidaka. Mmoja akikosea, jirani yake humwambia, "Umesahau mwaisho."

Aliniambia alipoteza macho akiwa kidato cha pili, baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo herufi anazikumbuka kwa sura. Programu ikisomwa huiona kichwani, mstari chini ya mstari. Siku ile nilimtazama akitafuta kosa katika kazi ya mwanafunzi. Alisikiliza kwa mwendo wa mnada, akasimama, akarudi mistari miwili, akasema, "Hapa. Umefungua rudia mbili ukafunga moja." Mwanafunzi hakuwa ameliona, na mimi niliyesimama nyuma yao nikiitazama skrini ya mwanafunzi sikuwa nimeliona pia.

Mimi kwetu ni Kuria, kule karibu na mpaka, na yeye ni Mjaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Aliponiuliza ninakaa wapi, akaanza kuniita Nyar Suna, binti wa Suna, na hakuacha. Tangu hapo alinipigia simu Jumamosi baada ya chakula cha mchana kunieleza yaliyomkera wiki hiyo. Hakuwa mtu wa kusifu. Alisema menyu ya tatu inarudia jina la menyu ya pili, nikaenda kuangalia nikakuta ni kweli. Alisema angependa kitufe kimoja cha kumpeleka moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa, badala ya kushuka mstari mmoja mmoja. Nilikiweka, na baadaye walimu wote wenye macho wakaniambia hicho ndicho kitufe wanachokipenda zaidi. Nilipomwambia, alicheka kidogo tu. "Waambie wakishukuru wamshukuru mtu wa Homa Bay."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi ndiye niliyesukuma tuhame.

Programu ya kuweka ndani ya kompyuta ilikuwa imenichosha. Kila toleo jipya lilinifanya nizunguke na diski ya mkononi shule hadi shule, na kila shule ilikuwa na kompyuta za umri wake. Kule Macalder nilimkuta mwalimu anayetumia toleo la zamani lililojaa makosa niliyoyarekebisha kitambo, na aliniambia kwa upole kwamba wamezoea kuyakwepa. Diski yangu ilibeba virusi kutoka shule moja nikavipeleka shule nyingine, na mwalimu mkuu wa pale hakutaka kuniona tena. Kisha mfadhili mmoja akaanza kugawa kompyuta ndogo mpya katika shule za Migori na Homa Bay. Hazikuruhusu kuwekewa programu yoyote. Zilikuwa na kivinjari cha mtandao, na kila kitu ulikifanya humo.

"Tukibaki tulivyo, tumekufa," nilimwambia mwenzangu.

Alikubali. Alihamisha lugha yenyewe, mimi nikahamisha dirisha. Nilifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima, na kusema kweli sijawahi kufurahia kazi kama ile. Kwenye kivinjari nilipata kila nilichokuwa nakitamani. Amri zilitokea kwa rangi: rudia kwa kijani, amri ya kama kwa zambarau. Mstari wenye kosa ulipigwa wekundu chini hata kabla hujamaliza kuuandika. Sehemu ya kuandikia sikuitengeneza mwenyewe. Nilichukua iliyotengenezwa tayari na watu wengine, wanaoigawa bure, na ilikuwa nzuri na ya haraka kuliko chochote ambacho ningeweza. Mwalimu wa Macalder aliifungua kwenye simu yake akiwa amekaa nje ya nyumba yake. Alinipigia kuniambia tu kwamba ameifungua.

Mwalimu wa Homa Bay nilimweleza mapema. Nilimwambia itakuwa rahisi zaidi, haitahitaji kusakinishwa, na ikitokea kosa nitalirekebisha mara moja kwa kila mtu.

"Na sauti?" aliniuliza.

"Sauti itakuwepo."

Nilikuwa na daftari la mambo yaliyobaki kufanywa, na "sauti" ilikuwemo. Niliiandika mwanzoni kabisa. Kila wiki mambo mapya yaliingia juu yake. Nilijua ipo, niliiona kila nilipofungua daftari, na kila mara nilijiambia kwamba kivinjari ni kitu cha kisasa, hakiwezi kukosa kitu ambacho dirisha langu la kijivu lilikuwa nacho bila mimi kujua. Sikuwahi kuweka programu ya kusoma skrini kwenye kompyuta yangu nikasikiliza. Ingenichukua asubuhi moja.

Wakati wa likizo, shule yake ikapokea kompyuta ndogo mpya, zile za zamani zikaondolewa. Wiki ya kwanza ya muhula alinipigia. Haikuwa Jumamosi.

"Nyar Suna, haizungumzi."

"Sauti haijawashwa labda, Mwalimu."

"Sauti imewashwa. Inanisomea menyu. Inanisomea kichwa cha ukurasa. Nikifika mahali pa kuandikia inasema hapana kitu."

"Umeandika chochote?"

"Nimeandika mistari sita."

Tulikaa kwenye simu muda mrefu. Nilimwambia bonyeza hiki, zima kile, fungua upya. Alifuata kila agizo kwa utaratibu na kunieleza kilichosikika. Mara zote kilichosikika kilikuwa kilekile: hapana kitu. Mwishowe aliniambia ana kipindi, akakata.

Kesho yake nilikwenda Homa Bay. Njiani nilijituliza kwamba ni jambo dogo la mpangilio. Nilifika kabla ya chakula cha mchana, joto limekaza, madirisha ya maabara wazi, na harufu ya dagaa wa omena wanaoanikwa ikipanda kutoka upande wa ziwa. Alikuwa peke yake. Alinivutia kiti, akanipa hedifoni, akaandika programu fupi ya kuhesabu mpaka kumi. Niliiona ikijipanga kwenye skrini kwa rangi zangu zote, haina kosa hata moja. Masikioni mwangu mlikuwa kimya. Alishuka kwa mshale mstari mmoja mmoja, na kila mstari ile sauti ya Kizungu ilitangaza kwamba hapana kitu.

Nilifungua matumbo ya ukurasa wangu mwenyewe, zile amri zilizoujenga, nikaangalia. Ilinichukua dakika chache kuelewa, na nilipoelewa sikutaka kusema. Ile sehemu ya kuandikia niliyoichukua ikiwa tayari haikuwa na maandishi ndani yake. Ilikuwa inachora. Kila herufi uliyoibonyeza iligeuzwa picha ya herufi, ikapakwa kwenye skrini kama mtu anavyopaka rangi ukutani. Ndiyo maana ilikuwa nzuri, na ndiyo maana ilikuwa ya haraka. Jicho liliona maneno. Programu ya kusoma ilikuta picha tupu.

"Umelipata kosa?" aliuliza.

"Nimelipata."

"Ni kubwa?"

"Ni kubwa, Mwalimu. Si la kubonyeza kitu."

Mikono yake ilibaki juu ya kibodi, vidole vimejipanga mahali pake.

"Kwa hiyo nilichoandika kipo," alisema baadaye.

"Kipo. Na ni sahihi."

"Basi ni mimi tu ambaye sijui kama kipo."

Kengele ililia, na kidato cha tatu wakaingia.

Nilikaa nyuma wakati wa kipindi kile. Alifundisha kama kawaida yake, akitembea kati ya meza na mkono mmoja ukigusa migongo ya viti. Lakini ulipofika wakati wa kukagua kazi, alisimama mahali, na wanafunzi wakamzunguka. Walishapata njia. Waliisoma kazi kwa sauti, wote pamoja, kama wanavyosoma kifungu cha Biblia: "Mstari wa kwanza, rudia mara tano. Mstari wa pili, andika." Walifanya hivyo kwa heshima kubwa, bila kuambiwa na mtu. Yeye aliinamisha kichwa akisikiliza. Tatizo ni kwamba walisoma walichodhani kipo. Penye kosa la herufi, macho yao yalilirekebisha kabla ya midomo kufika. Alisema, "Hii ni sawa, iendesheni." Ikagoma. Waliisoma tena, vilevile, wakiruka kosa vilevile. Ikagoma tena.

Nililiona kosa kutoka pale nyuma. Ningeweza kulisema. Nilikaa kimya kwa sababu nilihisi nikifungua mdomo nitakuwa nimemnyang'anya kitu kingine zaidi. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Msichana mmoja wa mbele akaliona hatimaye. "Mwalimu, tumeandika andka." Darasa likacheka, si kwa ubaya. Yeye pia akatabasamu, akigeuza uso upande ambao kicheko kilikuwa kimeshaisha.

Nilirudi Suna nikafunga mlango. Wiki tatu zilizofuata nilijaribu kila kitu. Nilificha kisanduku cha maandishi ya kweli nyuma ya ile picha, ili sauti iwe na kitu cha kusoma. Ikasoma kila herufi mara mbili. Nilipozuia hilo, ikaanza kusoma programu nzima kuanzia juu kila ulipobonyeza kitufe kimoja. Sasa nilikuwa na programu ya kusoma skrini kwenye kompyuta yangu, na nilizima skrini kama yeye, nikakaa gizani na sauti ile nikijaribu kuandika mistari mitano. Sikufika wa tatu bila kupotea. Niliwaandikia waliotengeneza ile sehemu. Mmoja wao alinijibu haraka na kwa adabu. Alisema tatizo wanalijua, wengine wameshalileta, linafanyiwa kazi, hawezi kuahidi lini.

Nilimpigia mwenzangu Kisumu.

"Turudishe kisanduku cha kawaida," nilimwambia. "Tuache hii ya kuchora."

"Na rangi? Na makosa kuonyeshwa papo hapo? Na shule zote zilizoanza nayo?"

"Vitapotea kwa muda."

"Wangapi wanatumia sauti?"

"Mmoja."

Hakusema neno baya. "Ninamjua ni nani," alisema. "Ninampenda pia. Lakini tukiwaondolea wote kwa ajili ya mmoja, muhula ujao hatutakuwa na shule za kufundishia." Kisha akasema, "Tafuta njia ya yeye peke yake. Nitakusaidia nikimaliza haya ambayo shule zinayataka kabla ya mtihani." Hakuwa akinidanganya. Yaliyo mbele yake yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na mtu anayelisubiri.

Kulikuwa na lile dirisha la kijivu. Nilimpelekea, likakaa kwenye kompyuta yake binafsi ya nyumbani, na kwa siku chache alifurahi. Lakini lugha ilikuwa imekua baada ya kuhama. Kazi walizoandika wanafunzi kwenye kivinjari zilikuwa na amri ambazo dirisha la zamani halikuzijua, nalo lilikataa kuzifungua. Alikuwa anaweza kuandika zake na hawezi kusoma zao. Mwalimu anafanya nini na programu ya namna hiyo?

Katikati ya muhula mwalimu mkuu wake aliniita. Nilidhani ataniuliza kuhusu mafunzo. Alikuwa mwanamke mpole, meza yake imejaa madaftari ya mahudhurio, na alituma niletewe soda kabla sijakaa sawasawa.

"Madam, nitakuuliza kama mtu ninayemheshimu," alisema. "Kidato cha nne wana kazi ya mradi ya kuwasilisha. Wazazi wawili wamekuja hapa. Wanasema mwalimu anasomewa na wanafunzi."

"Si kosa lake."

"Ninajua si lake. Ndiyo maana nimekuita wewe." Alisogeza soda karibu nami. "Wewe ndiye mwenye programu. Niambie tu ni lini itakuwa tayari, nami nitawaambia wazazi wangoje. Ukiniambia wiki mbili, nitangoja mbili. Ukisema mwezi, nitapigania mwezi."

Nilikuwa na chupa ile mkononi. Nilitafuta siku yoyote ya kumtajia. Kama ningesema wiki mbili, ningekuwa nimekisia, na nilishawahi kumwambia mwalimu yule "sauti itakuwepo" kwa namna hiyohiyo. Nilimweleza kwamba nimejaribu njia nne, kwamba kuna watu mbali wanaoshughulikia, kwamba mwenzangu amebanwa. Nilijisikia nikiongea na nikajua kwamba hakuna hata moja katika hayo ambalo mtu angeweza kumpelekea mzazi.

"Kwa hiyo hujui," alisema.

"Sijui."

Aliitikia kwa kichwa, kwa huruma, na huruma yake ilinielemea kuliko kama angenigombeza. Mwalimu kijana aliyekuwa akifundisha hisabati alipewa somo la kompyuta Jumatatu iliyofuata. Mwalimu wangu alipewa vipindi vyote vya historia vya kidato cha kwanza na cha pili. Aliniambia mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Historia ninaipenda," alisema. "Na vitabu vyangu vya breli havihitaji mtandao."

"Nitaimaliza, Mwalimu."

"Najua."

Jumamosi zikawa hazina simu. Mwanzoni nilimpigia mimi. Aliuliza habari za mama yangu, za mvua kwetu, za mzee mwenye duka. Nilipotaja programu alisikiliza mpaka nimalize, akasema, "Pole kwa kazi." Baada ya muda niliona kwamba nampigia ili yeye anifariji, nikapunguza.

Ilinichukua mpaka muhula wa pili wa mwaka uliofuata. Watu wale wa mbali hawakuwa wamemaliza. Mwenzangu alipata nafasi ya siku tatu, akaja Suna, na tukaandika kwa pamoja ukurasa wa pili wa programu, ulio peke yake. Hauna rangi, hauna wekundu wa makosa. Una kisanduku cha kawaida cha maandishi, kingine cha majibu, na kitufe cha kumpeleka mtu kwenye mstari wenye kosa. Ukiutazama, unafanana na lile dirisha la kijivu kama pacha wake. Mwenzangu aliutazama mwisho wa siku ya tatu akasema, "Tungeanza na huu." Siku tatu ndizo zilizokuwa zimehitajika, na tulikuwa nazo muda wote.

Niliupeleka Homa Bay mwenyewe, nyumbani kwake. Mkewe alinikaribisha, akaniwekea chai na nyoyo, yale mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, akatuacha sebuleni. Mwalimu alivaa hedifoni, akafungua ukurasa. Aliandika rudia. Nilimwona akitulia, kichwa kimeinama upande, kisha akashuka mstari, akapanda, akashuka. Aliandika kwa muda mrefu bila kusema nami. Niliogopa hata kunywa chai.

"Inazungumza," alisema.

"Ndiyo."

"Inasoma vizuri. Hata hii sauti mmeibadilisha? Haisemi tena rudaya."

"Tumeweza kuiambia kwamba ni Kiswahili."

Alitabasamu kwa hilo. Kisha akaiendesha, akasubiri, akakunja uso. "Majibu yakiwa marefu inasoma mstari wa kwanza halafu inanyamaza. Ukirudia mara ishirini, utasikia moja." Aliligundua katika dakika kumi, kosa ambalo sisi wawili wenye macho hatukuliona kwa siku tatu.

"Nitalirekebisha wiki hii," nilisema.

"Usijiharakishe, Nyar Suna. Sina darasa."

Alilisema bila uchungu wowote niliousikia, kama mtu anavyosema hana sukari nyumbani. Nilimuuliza kama hawezi kumwomba mwalimu mkuu amrudishie somo, sasa ukurasa upo. Alivua hedifoni akaiweka mezani taratibu. Alisema yule kijana anafanya kazi nzuri, wanafunzi wamemzoea, na wote wanatumia ule wenye rangi. "Nikirudi na huu wangu," alisema, "watakuwa wanaona kitu kimoja na mimi nasikia kingine. Tutaanza tena kusomeana." Kisha akaniomba radhi, kwamba ana karatasi za kidato cha pili za kusahihisha, na mkewe ndiye anayemsomea Jumamosi.

Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. Hatukuongea sana. Karibu na stendi aliniambia kwamba kwa miezi mingi mumewe alikuwa akiifungua ile programu yenye rangi kila jioni kabla ya chakula, kuangalia kama imeanza kuzungumza, halafu anaifunga. "Aliacha mwezi wa Februari," alisema. "Alinikataza nisikuambie. Naona sasa si neno."

Lile kosa la majibu marefu nililirekebisha baada ya siku mbili nikamtumia ujumbe. Alijibu: "Nimepata. Asante sana. Msalimie mama." Hajaripoti kosa lingine tangu siku hiyo, na mimi najua makosa yamo.

Programu ikiwa ndani ya kompyuta ya mtu, huwezi kujua kama anaifungua. Kwenye kivinjari unajua. Nina ukurasa unaonionyesha ni mashine ngapi zimeingia, kutoka mji gani, kwa muda gani. Ule wenye rangi unafunguliwa kila siku ya shule, Migori, Rongo, Macalder, Homa Bay, mpaka sehemu ambazo sijawahi kufika. Ule wa pili, wa kisanduku cha kawaida, huonyesha mashine moja Homa Bay, baadhi ya wiki. Huingia mchana wa Jumamosi, hukaa dakika nne au tano, hutoka. Wiki nyingine hakuna kitu. Sina njia ya kujua kama ni yeye, au ni mwanafunzi aliyebonyeza pasipofaa, na siwezi kumpigia kumuuliza bila kumwambia kwamba ninatazama. Jumamosi iliyopita iliingia saa nane na dakika kumi. Nilikaa mbele ya ile namba moja mpaka ikawa sifuri, kisha nikashuka dukani, mzee akanipa kiti, akaniuliza simu zinaendeleaje.